Texas na California: Wapi pa Kukaa, Wapi pa Kutembea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao kazi iliwazuia wasihudhurie.)



Halmashauri iliniagiza nichague jambo lenye faida, lisiwe la kupitisha wakati tu. Nimechagua kusema juu ya majimbo mawili makubwa ya Marekani, Texas na California, na sababu yake ni hii. Katika chama chetu ni wachache wasio na mtoto, mpwa au ndugu aliyekwenda Marekani au atakaye kwenda. Habari zao zinapofika, majina ya majimbo haya mawili hayakosi. Huyu asifu Texas kwa kuwa nyumba ni rahisi na kodi ni chache. Yule asifu California kwa kuwa mshahara ni mkubwa na hewa ni njema. Na mzazi ambaye ameweka akiba yake kwa miaka ishirini, senti juu ya senti, aulizwa: "Baba, niende wapi?" Mzazi huyo hana budi kujibu, na akijibu vibaya, iliyopotea si nauli tu, bali miaka ya ujana wa mtoto, ambayo hairudi.

Sisi kazi yetu ni daftari. Twajua kwamba hesabu haifungwi kwa kutazama upande mmoja wa ukurasa. Basi naomba ruhusa niifungue hesabu ya majimbo haya, kwanza mahali pa kukaa, kisha mahali pa kutembea na kuchunguza, na mwisho nitatoa hukumu yangu ili ninyi muipinge mkitaka.

UKUBWA NA WATU

Marekani ina majimbo 50. Kwa ukubwa wa nchi, Alaska ni ya kwanza, Texas ya pili, na California ya tatu. Kwa wingi wa watu, California ni ya kwanza na Texas ya pili. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, California ilikuwa na watu 39,538,223, na Texas 29,145,505. Eneo la Texas ni kama kilometa za mraba 695,000, na la California kama 424,000. Ili tupate kipimo tukijuacho, Kenya nzima ni kama kilometa za mraba 580,000. Basi Texas yaipita Kenya kwa ukubwa, na California ni pungufu ya Kenya, ingawa yaishinda Uganda kwa mbali.

Mtu aingiapo Texas kwa motokaa kutoka upande wa magharibi, akafuata barabara kuu mpaka atoke upande wa mashariki, atakwenda kilometa zipatazo 1,400, nayo ni safari ndefu kuliko ile ya Dar es Salaam hadi Mwanza, na muda wote huo hajatoka katika jimbo moja. Mkaaji wa El Paso, mji ulio mwisho wa magharibi, yuko karibu zaidi na San Diego katika California kuliko Galveston iliyo pwani ya jimbo lake mwenyewe. Nasema haya kwa sababu wengi wetu twafikiri kwamba ndugu aliyeko El Paso aweza kumwangalia ndugu aliyeko Houston siku ya Jumapili. Haiwezekani.

HISTORIA ITUPASAYO KUIJUA

Majina yenyewe yana habari. Neno Texas latokana na lugha ya Wacaddo, wenyeji wa nchi ile, na maana yake ni rafiki. California ilipata jina lake katika kitabu cha hadithi cha Kihispania, kazi ya Garci Rodríguez de Montalvo, kilichotoka mwanzoni mwa karne ya 16. Mwandishi huyo alibuni kisiwa chenye dhahabu kilichokaliwa na wanawake weusi peke yao, na malkia wao aliitwa Calafia. Hivyo jimbo lenye watu wengi kuliko yote katika Marekani lina jina la nchi ya malkia mweusi, ijapokuwa ni wa hadithi.

Lakini Mwafrika wa kweli naye alikuwako mapema. Mwaka 1528 mashua za Wahispania zilivunjika katika pwani ya Texas, na miongoni mwa waliopona alikuwa mtumwa mmoja, mzaliwa wa Azemmour katika Moroko, aitwaye Estevanico. Yeye na wenziwe watatu walitembea kwa miguu mwaka baada ya mwaka, wakijifunza lugha za wenyeji na kuwatibu wagonjwa, hata wakafika kwa Wahispania wa Meksiko mwaka 1536. Kwa hiyo mtu asemapo juu ya wachunguzi wa kwanza wa Texas, asisahau kwamba mmoja wao alitoka katika bara letu. Kadhalika mji wa Los Angeles ulipoasisiwa mwaka 1781, waanzilishi wake walikuwa watu 44, na zaidi ya nusu yao walikuwa na damu ya Kiafrika. Pío Pico, gavana wa mwisho wa California chini ya Meksiko, naye alikuwa na damu hiyo.

Baadaye njia zilitengana. Texas ilijitenga na Meksiko mwaka 1836, ikawa dola yake yenyewe, na mwishoni mwa mwaka 1845 ikaingia katika Marekani kama jimbo la utumwa. Mwaka 1860 watumwa walioandikwa humo walikuwa 182,566. California ilionekana dhahabu mwezi wa Januari 1848, watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia, na tarehe 9 Septemba 1850 ikaingia kama jimbo lisilo na utumwa. Tusidhani kwamba ilikuwa nchi ya haki kwa sababu hiyo. Wenyeji wa asili, waliokuwa kama 150,000 kabla ya dhahabu kuonekana, walibaki kama 30,000 baada ya miaka ishirini na tano hivi, kwa maradhi, kwa njaa na kwa kuuawa.

Tangazo la kuwaachia watumwa uhuru lilitoka tarehe 1 Januari 1863. Katika Texas halikutimizwa. Ndipo tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alipofika Galveston na askari wake, akatoa amri iliyowajulisha watumwa kwamba wao ni watu huru. Miaka miwili na nusu ilikuwa imepita. Sisi tushikao majalada twaelewa vema jambo hili: amri iliyoandikwa si amri iliyotimizwa, mpaka awepo mtu wa kuipeleka. Siku hiyo ilifanywa sikukuu ya jimbo la Texas tangu mwaka 1980, na mwaka 2021 ikawa sikukuu ya Marekani nzima.

MAPATO NA MATUMIZI

Sasa tuje kwenye safu za tarakimu, ambako ndiko wengi hudanganyika.

Texas haitozi kodi ya mapato. Mshahara wa mtu hukatwa kodi ya serikali kuu ya Marekani, lakini jimbo halichukui hata senti. California hutoza, na kiwango hupanda kwa kadiri ya mapato, hata mwenye mapato makubwa kabisa hufikia asilimia 13.3. Asikiaye haya tu husema, "Basi, Texas!" Lakini polisi, shule na barabara za Texas hazijengwi kwa upepo. Kodi ya nyumba na ardhi katika Texas ni miongoni mwa zile kubwa zaidi katika Marekani, na kodi ya bidhaa dukani ni asilimia 6.25 ya jimbo, na miji huongeza hata kufika 8.25. Kodi ya dukani haiulizi kama mnunuzi ni tajiri au maskini. Anunuaye sabuni kwa mshahara mdogo hutoa sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake kuliko tajiri. Kwa hiyo kodi ya Texas ni nyepesi kwa tajiri, wala si nyepesi sana kwa mtu wa chini.

California nayo ina jambo lake la ajabu. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha sheria ijulikanayo kama Proposition 13. Kwa sheria hiyo, kodi ya nyumba ni asilimia 1 ya thamani yake wakati iliponunuliwa, pamoja na nyongeza ndogo za mahali, na thamani hiyo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Matokeo yake ni kwamba majirani wawili wenye nyumba zilizo sawasawa waweza kulipa kodi zisizofanana hata kidogo: aliyenunua zamani hulipa kidogo, na mgeni aliyenunua jana hulipa nyingi. Sheria hiyo yamlinda mzee asifukuzwe nyumbani kwake, lakini mzigo wa mlango humwangukia ajaye.

Kisha mishahara. Mwanzo wa mwaka 2025 mshahara wa chini kabisa ulioamriwa na sheria ya California ulikuwa dola 16.50 kwa saa. Texas haina kiwango chake. Hufuata kile cha serikali kuu, dola 7.25, ambacho hakikubadilika tangu mwaka 2009. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa juma, kwa majuma 52, California atapata dola 34,320 na Texas dola 15,080, kabla ya makato. Ni kweli kwamba waajiri wengi katika miji mikubwa ya Texas hulipa zaidi ya hapo, maana wasipofanya hivyo hawapati watu. Lakini hufanya hivyo kwa hiari yao, si kwa kulazimishwa.

Tutazame nyumba. Mwaka 2024 nyumba ya bei ya katikati katika California ilifika kama dola 900,000, na katika Texas kama dola 340,000. Linganisheni basi. Mshahara wa chini wa California ni mara mbili na kidogo ya ule wa Texas, lakini nyumba yake ni mara mbili na nusu na zaidi. Maana yake ni kwamba faida ya mshahara yamezwa na bei ya nyumba. Kijana mwenye mshahara wa kawaida aweza kutumaini kununua nyumba Texas baada ya miaka kadhaa ya kujinyima. California, katika miji ya pwani, atapanga maisha yake yote, na pengine atapanga chumba kimoja pamoja na wenziwe watatu.

Watu wa California wenyewe wamefanya hesabu hiyo. Katika mwaka 2022 zaidi ya watu 100,000 walihama California kwenda Texas, na waliokwenda kinyume chao hawakufika nusu ya hesabu hiyo. Baada ya hesabu ya watu ya 2020, California ilipoteza kiti kimoja katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Texas ikaongezewa viwili.

MTU AKIUGUA

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimefunga daftari katikati ya mwezi. Kuna mambo ambayo hayaonekani katika mshahara mpaka siku ya shida.

La kwanza ni ugonjwa. Marekani hapana hospitali ya bure kwa wote. Mtu asiye na bima aweza kuulizwa kwa mguu uliovunjika fedha zinazozidi akiba ya miaka. Sheria ya mwaka 2010 iliyaruhusu majimbo kupanua bima ya serikali kwa watu wenye mapato madogo. California ilikubali, ikaanza mwaka 2014. Texas ilikataa. Leo Texas ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima katika Marekani yote: katika kila watu 100, kama 16 au 17 hawana. California ni kama 6 au 7. Nanyi mwajua ni nani katika ukoo atakayepigiwa simu usiku ili achangie deni la hospitali ya Houston. Ni yule karani aliyeko nyumbani.

La pili latuhusu sisi hasa, wanachama wa chama cha watumishi. Katika California, watumishi wa jimbo wana haki, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1977, ya kuwa na chama kitakachopatana na serikali juu ya mishahara na masharti ya kazi, na mapatano hayo huandikwa na kutiwa sahihi. Mfuko wao wa pensheni, CalPERS, ulioanzishwa mwaka 1932, ndio mkubwa kuliko mifuko yote ya watumishi wa umma katika Marekani. Katika Texas, sheria ya tangu mwaka 1947 yawakataza wakuu wa serikali kufanya mapatano ya namna hiyo na chama cha watumishi, na mtumishi agomaye hupoteza haki zake. Watumishi waweza kuunda chama na kuleta malalamiko, lakini hakuna awezaye kuketi mezani na kutia sahihi mkataba kwa niaba yao, isipokuwa polisi na wazima moto katika miji ambayo wapiga kura wake waliridhia. Mtoto wako akitaka kuwa mwalimu au karani wa serikali huko, mweleze tofauti hii kabla hajapanda ndege.

La tatu ni hali ya mgeni. Ruhusa ya kuingia na kukaa Marekani hutolewa na serikali kuu, na majimbo hayana uwezo wa kuitoa. Lakini jimbo laweza kumfanya mgeni akae kwa amani au kwa wasiwasi. Mwaka 2017 Texas ilipitisha sheria ya kuwalazimisha polisi wa miji kusaidiana na maofisa wa uhamiaji. Mwaka uleule California ilipitisha sheria ya kuwazuia polisi wake wasitumike kwa kazi hiyo, ila katika makosa makubwa. Mwenye karatasi zilizotimia ataona tofauti ndogo. Ambaye muda wa karatasi zake umepita ataiona kila siku.

HATARI ZA NCHI

Hakuna kati ya majimbo haya lililo salama na ghadhabu ya maumbile. Galveston ilipigwa na tufani mwezi wa Septemba 1900, wakafa watu wapatao 8,000, na hata leo hakuna msiba wa maumbile uliowahi kuua watu wengi zaidi katika Marekani. Houston ilizama katika mvua za tufani Harvey mwaka 2017. Mwezi wa Julai 2025 mto Guadalupe na mito jirani ilifurika usiku, wakafa watu zaidi ya 130. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali iliingia Texas yote. Sasa, Texas imejitengea mtandao wake wa umeme, usioungana kwa nguvu na ule wa majimbo mengine, ili isitawaliwe na sheria za serikali kuu. Mitambo ilipoganda, hapakuwa na jirani wa kutosha wa kuiazima umeme. Nyumba na maduka zaidi ya milioni 4 yakakaa gizani, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Hapo ndipo watu walipojua bei ya kujitenga.

California ina moto na matetemeko. Tetemeko la mwaka 1906 pamoja na moto uliofuata liliibomoa San Francisco, wakafa watu kama 3,000. Mwezi wa Novemba 2018 moto uliuteketeza mji wa Paradise, wakafa watu 85. Mwezi wa Januari 2025 moto uliteketeza majengo zaidi ya 16,000 katika eneo la Los Angeles, na miongoni mwa mitaa iliyoungua ni Altadena, ambako familia za watu weusi zilinunua nyumba tangu siku ambazo mitaa mingine ilikuwa imewafungia milango. Kwa sababu ya moto huu, makampuni kadhaa ya bima yamepunguza au kuacha kuandika bima mpya za nyumba. Mwenye nyumba ya dola 900,000 asiyeweza kuipatia bima yafaa aitwe nani, tajiri au mdaiwa?

KUTEMBEA NA KUCHUNGUZA

Tuache hesabu kidogo, tuvae viatu vya safari.

Hapa tofauti kubwa ni moja, nayo ni hii: ardhi ni ya nani? Texas ilipoingia Marekani mwaka 1845 ilibaki na ardhi yake ya umma badala ya kuikabidhi kwa serikali kuu, kisha ikaiuza na kuigawa. Leo zaidi ya sehemu 95 katika 100 za Texas ni mali ya watu binafsi. Msafiri huenda kilometa mia akiona upande huu seng'enge na upande huu seng'enge. California, karibu nusu ya nchi ni ya serikali kuu, yaani misitu, majangwa na milima ambayo mtu yeyote, tajiri au mfagiaji, aweza kuingia na kulala humo kwa ada ndogo au bila ada. California ina mbuga za taifa 9, nyingi kuliko jimbo lolote; Texas ina 2.

Katika California, mlima Whitney una meta 4,421, na hakuna mrefu kuliko huo katika Marekani ukiacha Alaska. Si zaidi ya kilometa 140 kutoka hapo liko bonde la Death Valley, ambalo sakafu yake i meta 86 chini ya usawa wa bahari, na ambako tarehe 10 Julai 1913 kuliandikwa joto la digrii 56.7. Katika misitu ya kaskazini imo miti ya redwood ipitayo meta 115, mirefu kuliko miti yote duniani, na katika milima ya Sierra Nevada umo mti uitwao General Sherman, ambao kwa ukubwa wa gogo lake hauna mfano. Katika milima ya White Mountains imo misonobari iliyozidi miaka 4,000. Ilikuwa imekwisha kuota kabla ya daftari la kwanza la kodi kuandikwa katika pwani yetu.

Bonde la Yosemite liliwekwa akiba kwa ajili ya watu wote mwaka 1864, na mwaka 1890 nchi iliyolizunguka ikawa mbuga ya taifa. Walinzi wake mwaka 1899, 1903 na 1904 walikuwa askari weusi walioitwa Buffalo Soldiers. Mwaka 1903 mkuu wa mbuga ya Sequoia alikuwa Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani. Kwa miezi michache tu ya kiangazi aliimaliza barabara ya kufikia miti ile mikubwa, ambayo kabla yake ilikuwa ikisuasua mwaka hata mwaka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na waundaji wengine walikuwa ndugu zetu.

Texas haikukosa vya kuonyesha. Mbuga ya Big Bend, iliyofunguliwa mwaka 1944 penye mpindo wa mto Rio Grande, ina giza safi la usiku hata nyota zaonekana kama zile za bara letu. Bonde la Palo Duro ni la pili kwa ukubwa katika Marekani. San Antonio ina makanisa ya kale ya Wahispania, yaliyoandikwa mwaka 2015 katika urithi wa dunia. Karibu na mji huo liko pango la Bracken, ambamo popo mamilioni, kundi kubwa kuliko yote yajulikanayo, hutoka jioni kama moshi. Houston iko kambi ya wasafiri wa anga, ambako maneno ya mtu wa kwanza kutua mwezini yalipokewa mwaka 1969. Na atakaye kusoma historia ya mtu mweusi kwa miguu yake, na asimame Galveston mahali ilipotolewa amri ya 1865, kisha akumbuke kwamba kati ya wachungaji wa ng'ombe wa zamani, ambao picha za sinema huwaonyesha weupe wote, yapata mmoja katika wanne alikuwa mweusi.

Kwa upande wa pwani, majimbo yote mawili yastahili sifa. Texas kwa sheria ya mwaka 1959, na California kwa sheria ya mwaka 1976, yalilinda haki ya watu wote kufika ufukoni. Sisi watu wa pwani, ambao twaona kuta zikiota kati yetu na maji, tungefaa kuzisoma sheria hizo.

HUKUMU YANGU

Bwana Rais, karani asiyetoa jumla hakumaliza kazi.

Texas humwachia mtu fedha yake mkononi, kisha humwachia na shida zake. California humchukulia mtu fedha, kisha humsaidia kubeba shida. Hakuna lililo bora kwa kila mtu. Swali ni nani aendaye.

Kijana mwenye afya, mwenye cheti cha kazi itakiwayo kama uuguzi, ufundi wa umeme au uhandisi, ambaye mwajiri wake humpa bima, na ambaye nia yake ni kuweka akiba na kujenga, namwelekeza Texas. Huko Houston, Dallas na Fort Worth atakuta wenzetu wa Afrika Mashariki wengi, na ndugu wa Kongo wasemao Kiswahili, waliokuja kama wakimbizi. Lakini fungu la kwanza la mshahara wake liwe la bima, la pili la akiba ya dharura, ndipo nyumba ifuate.

Mwenye ugonjwa wa kudumu, mwenye mtoto mlemavu, au atakaye kazi ya serikali iliyo na ulinzi wa chama, namwelekeza California, lakini si pwani penye bei. Aende miji ya bonde la kati, ambako mshahara wa sheria ni uleule na nyumba ni nafuu. Mwanafunzi naye ajue kwamba katika majimbo yote mawili mgeni hulipa karo ya mgeni, iliyo kubwa kuliko ya mwenyeji. Asidanganywe na karo ndogo iliyochapishwa kwa wakaaji.

Ama kwa kutembea, sisiti: California. Si kwa sababu milima yake ni mizuri zaidi, bali kwa sababu mlango wake uko wazi. Uzuri ulio nyuma ya seng'enge ni wa mwenye seng'enge.

Na neno la mwisho lawahusu wazazi. Mtoto akileta sifa za jimbo lolote, msimwulize kwanza, "Mshahara ni kiasi gani?" Mwulizeni, "Ukianguka, nani atakuinua, na kwa fedha ya nani?" Akijibu swali hilo kwa tarakimu, mwacheni aende kwa baraka. Asipoweza kulijibu, akiba yenu na ikae benki mwaka mmoja zaidi, akiba haiozi.

Nimekwisha. Mwenye hoja kinyume na yangu ainuke aseme, maana chama kisicho na mabishano ni jalada lililofungwa.